Meli ya Zamzam na Misheni Yatima: Imani kati ya Minneapolis na Tanganyika

Alfajiri ya tarehe 17 Aprili 1941, katika Atlantiki ya Kusini, meli ya abiria ya Misri iliyoitwa Zamzam ilishambuliwa kwa makombora na Atlantis, manowari ya Kijerumani iliyojificha katika sura ya meli ya biashara. Zamzam ilikuwa na abiria zaidi ya 200. Wengi wao walikuwa wamisionari kutoka Marekani na Kanada, pamoja na wake na watoto wao, wakielekea Cape Town ili kutoka huko watawanyike katika vituo vyao vya Afrika. Kundi moja kati yao lilikuwa limetumwa na Sinodi ya Augustana, kanisa la Kilutheri la wahamiaji wa Kiswidi ambalo makao yake makuu yalikuwa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota. Kundi hilo lilikuwa likienda Tanganyika.

Jina la meli lenyewe halikosi kumgusa msomaji wa Kiswahili. Zamzam ni kisima cha Makka, ambacho kwa mapokeo ya Kiislamu kilibubujika jangwani Bi Hajiri alipokuwa akihangaika kumtafutia maji mwanawe Ismaili. Meli hiyo ilikuwa imewahi kuwabeba mahujaji. Mwaka 1941 iliwabeba wachungaji, wauguzi na walimu wa Kikristo, na chombo chenye jina la kisima cha wokovu kikaenda chini ya bahari.

Tangu mwaka huo kisa cha Zamzam kimesimuliwa hasa kama ushuhuda wa kuokolewa, kwa kuwa abiria na mabaharia walitolewa majini wakiwa hai. Ushuhuda huo una haki yake. Lakini ukiishia hapo, unaliacha swali lililo gumu kuliko yote. Imani ile ilikuwa na maana gani kwa wale ambao baadaye hawakuokoka, na kwa wale waliobaki Tanganyika wakiwangoja wageni ambao hawakufika? Mambo yaliyopita kati ya Minneapolis na Tanganyika tangu 1939 hadi 1963 yanatoa jibu fulani. Furaha na nguvu za Wakristo wa miaka ile zilipatikana zaidi katika kukitunza kilichoachwa mikononi mwao, bila kujua mwenyewe angerudi lini au kama angerudi. Kiswahili kina neno la kitu cha namna hiyo, nalo ni amana.

Neno hilo lina ndugu wengi. Imani, kuamini, uaminifu, amana na amani yote yametoka katika shina moja la Kiarabu. Mswahili anaposema ana imani na mtu, hasemi tu kwamba anakubali maneno yake. Anasema angeweza kumwachia mali yake na kulala usingizi. Maana hizo mbili, ile ya dini na ile ya kuaminiana kati ya watu, ndizo zilizopimwa pamoja wakati wa vita.

Miji ya wahamiaji

Minneapolis na Saint Paul ni miji pacha iliyopo kwenye Mto Mississippi. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Waswidi wengi maskini walihamia Minnesota, wengine wakifuata mashamba, wengine kazi za reli, viwanda vya unga na nyumba za matajiri. Huko Saint Paul palikuwa na bonde lililoitwa Swede Hollow, yaani bonde la Waswidi, ambako familia ziliishi katika vibanda visivyo na maji ya bomba. Waswidi walipopata nafuu na kupanda juu, Waitalia wakaingia katika vibanda vilevile, na baada yao Wameksiko. Sinodi ya Augustana, iliyoundwa mwaka 1860, ilikuwa kanisa la watu wa aina hiyo. Ilikuwa mahali pa kusali kwa lugha ya nyumbani, pa kuzika wafu na kupata barua za kijijini zisomwe kwa sauti.

Watu hao hawakuwa matajiri hata katika miaka ya 1930. Mdororo mkuu wa uchumi uliwaumiza wakulima wa Minnesota, na mjini Minneapolis mgomo wa madereva wa malori wa mwaka 1934 uligeuka kuwa damu: tarehe 20 Julai polisi waliwafyatulia risasi wagomaji, na wawili kati yao wakafa. Sadaka zilizofika katika ofisi ya misheni mjini humo zilitoka katika nyumba zilizojua kuhesabu senti. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa sababu msomaji wa leo hupenda kuwaza misheni ya Marekani kama mkono wa tajiri ulionyoshwa kwa maskini. Mara nyingi ulikuwa mkono wa mtu aliyekuwa na deni.

Uhusiano wa Augustana na Tanganyika ulianza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walikuwa wamewaondoa wamisionari wa Kijerumani, na makanisa ya Kilimanjaro yaliyoanzishwa na Misheni ya Leipzig yakabaki bila waliozoea kuyasimamia. Wamarekani wa Augustana walikuja mwanzoni mwa miaka ya 1920 kusaidia. Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka hiyo, Augustana ilitafuta eneo lake yenyewe, na kuanzia mwaka 1926 ikafanya kazi katika Iramba na Turu, sehemu za Singida, ambako vituo kama Ruruma, Kinampanda na Kiomboi vilikuja kujulikana kwa shule na matibabu.

Somo kubwa zaidi la vita ya kwanza, hata hivyo, lilitoka Bukoba. Huko, wamisionari wa Bethel walipoondolewa, Wakristo wachache wa Kihaya walibaki na kanisa lao wenyewe. Andrea Kajerero, ambaye baadaye alibarikiwa kuwa mchungaji, alikuwa miongoni mwa waliolishika. Misheni nyingine zilikuja na kutaka kulichukua kundi hilo chini ya mbawa zao, lakini wenyewe walikuwa na mawazo yao juu ya nani walikuwa na walifundishwa nini. Mapema kabisa, basi, palionekana kwamba kanisa lililoachwa si lazima life. Somo hilo lilisahauliwa upesi katika ofisi za ng'ambo, na likahitajika tena baada ya miaka 20.

Yatima ni nani?

Septemba 1939 vita ilipoanza tena, serikali ya Tanganyika iliwatia kizuizini wanaume wengi wa Kijerumani. Mwezi Mei 1940, majeshi ya Hitler yalipoivamia Ulaya ya magharibi, kamba ilikazwa zaidi, na wamisionari wengi waliokuwa wameachwa kazini kwa masharti waliondolewa vituoni. Mali za misheni ziliwekwa chini ya msimamizi wa mali za adui. Leipzig upande wa kaskazini, Bethel katika Usambara na Bukoba, Berlin katika Uzaramo na Nyanda za Juu za Kusini: zote zilikatwa mara moja na fedha, barua na watu wa kwao.

Walutheri wa dunia walizipa kazi hizo jina la misheni yatima. Wakristo wa Marekani walichangishwa, na Augustana, kwa kuwa tayari ilikuwa na watu Tanganyika, ikabebeshwa mzigo wa uangalizi uliopita uwezo wake. Kikundi kidogo kilichozoea Singida sasa kilitakiwa kuangalia nchi nzima, kutoka Kilimanjaro hadi Ziwa Nyasa. Baadaye Waswidi nao walikuja kushika sehemu ya mzigo huo, hasa Bukoba. Richard Reusch, mmisionari wa Leipzig ambaye hakuhesabiwa kuwa adui, aliendelea kazini kaskazini. Wapanda mlima wanamfahamu kwa jina la shimo la volkano lililo juu ya Kibo. Wakristo wa Kilimanjaro walimfahamu kama mwalimu wa walimu wao. Mwisho wa maisha yake ulikuwa Minnesota, ambako alifundisha katika chuo cha Gustavus Adolphus, chuo cha Waswidi walewale wa Augustana.

Jina la yatima lilisaidia kuchangisha fedha, kwa maana hakuna moyo usiosikia huruma kwa yatima. Lakini lilikuwa na kosa ndani yake. Lilichukulia kwamba wazazi wa kanisa ni wamisionari, na kwamba wakiondoka, kinachobaki ni mtoto anayelia. Walioachwa walikuwa watu wazima. Walikuwa wachungaji kama Solomon Nkya wa Machame na Lazaro Laiser wa Arusha, waliobarikiwa katika miaka ya 1930. Walikuwa wainjilisti na walimu wa shule za vijijini, wazee wa usharika, na wanawake waliozijua nyumba za wagonjwa wote wa kijiji. Kwao kulikuwa na mishahara iliyopungua au kukoma, karatasi na vitabu vilivyoadimika, na safari za miguu kutoka usharika mmoja hadi mwingine. Hapakuwa na meli ya kuja kuwachukua.

Siku ya Zamzam

Ofisi ya misheni ya Minneapolis, iliyoongozwa wakati huo na S. Hjalmar Swanson, ilitafuta njia ya kupeleka watu. Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani, na meli ya nchi isiyopigana ilidhaniwa kuwa salama. Zamzam iliondoka eneo la New York mwezi Machi 1941, ikapitia Trinidad na Recife nchini Brazil, kisha ikaelekea kusini mashariki. Miongoni mwa abiria wa Augustana alikuwamo Lillian Danielson na watoto wake sita. Mumewe, Elmer Danielson, alikuwa tayari Tanganyika, na mama huyo alikuwa akivuka bahari ya vita ili familia iwe pamoja tena. Alikuwamo pia Ralph Hult, mmoja wa wamisionari wa kwanza wa Augustana katika Afrika, aliyeiacha familia yake Marekani ili arudi katika kazi aliyoianza ujanani.

Nahodha wa Atlantis, Bernhard Rogge, alidhani ameona meli ya Waingereza, na hakukosea sana kwa sura, kwa kuwa Zamzam iliundwa Uingereza mwaka 1909 na ilikuwa imesafiri kwa jina jingine chini ya bendera ya nchi hiyo. Makombora yalianza kabla watu hawajaamka vitandani. Baadhi ya mashua za kuokolea zilikuwa zimetobolewa na vipande vya chuma. Zilipogusa maji zikajaa, na wazee kwa watoto wakajikuta baharini wakishikilia makasia na mbao. Muda si mrefu Wajerumani waligundua ni watu gani waliokuwa wamewapiga. Mashua za Atlantis zikaanza kuwakusanya. Wote walitolewa majini, ingawa mmoja wa majeruhi alifariki baadaye kutokana na majeraha yake.

Siku iliyofuata walihamishiwa meli ya mizigo iitwayo Dresden, na hapo likaanza jaribu la pili, refu na lisilo na kishindo. Kwa zaidi ya mwezi mmoja walizunguka Atlantiki wakiwa wafungwa, chakula kikiwa kidogo na cha aina moja, wanaume wakilala chini katika sehemu ya mizigo. Kila siku palikuwa na hofu kwamba manowari za Uingereza zingeizamisha Dresden bila kujua nani wamo ndani. Wafungwa walipanga siku zao. Palikuwa na ibada, palikuwa na masomo kwa watoto, palikuwa na zamu za kufua na kugawa chakula. Walishona nguo kutokana na vitambaa vilivyopatikana, kwa kuwa wengi walitoka majini na nguo za kulalia tu.

Huko Minnesota na kwingineko Marekani, jamaa hawakujua lolote. Mwezi Mei magazeti yaliandika kwamba Zamzam haijafika ilikotarajiwa, na kwa muda familia zilikaa na habari ya msiba. Kisha ikaja taarifa ya pili kwamba abiria wameshushwa hai katika bandari ya Saint-Jean-de-Luz, kusini magharibi mwa Ufaransa iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Wamarekani wengi waliruhusiwa kurudi kwao kupitia Ureno; Waingereza na Wakanada wengi walibaki kizuizini. Mwaka huohuo Swanson alihariri kitabu kuhusu safari hiyo, na ofisi ya misheni ya Minneapolis ikakitoa. Kisa kikaingia katika mahubiri, katika shule za Jumapili na katika mazungumzo ya mezani kwa miaka mingi.

Si vigumu kuona kwa nini. Wasomaji wa Biblia walikumbuka mara moja sura ya 27 ya Matendo ya Mitume, ambapo meli iliyombeba Paulo inavunjika karibu na Malta na watu wote wanafika nchi kavu. Lakini wasomaji makini wa sura hiyo wanajua pia kwamba Paulo aliokolewa baharini akiwa bado na minyororo. Malta haikuwa mwisho wa safari yake. Aliokolewa ili afike Roma, kwenye hukumu. Waraka kwa Wafilipi, ambao Wakristo huusoma kuliko nyaraka zake nyingine wanapotafuta furaha, uliandikwa gerezani.

Kaburi la Dar es Salaam

Hapo ndipo kisa cha Ralph Hult kinapoanza kuwa na uzito. Baada ya Zamzam, mtu aliyekuwa na miaka zaidi ya 50, baba wa watoto wengi, angeweza kukaa nyumbani bila kulaumiwa na yeyote. Alikwisha kutoa ushuhuda wake, na makanisa yangemwalika kusimulia hadi uzeeni. Badala yake alisafiri tena, akavuka bahari ileile iliyokuwa hatari zaidi kuliko mwanzo, akafika Tanganyika, na akapewa kazi upande wa pwani, katika sharika zilizoachwa na Misheni ya Berlin. Mwaka 1943 alifariki huko Dar es Salaam.

Mtu anayepima imani kwa kuokolewa hawezi kulieleza kaburi hilo. Kama kutolewa majini mwaka 1941 kulikuwa uthibitisho wa ulinzi wa Mungu, je, kifo cha 1943 kilithibitisha nini? Mapokeo ya mahubiri yana njia nyingi za kulikwepa swali hili. Historia haina ruhusa ya kulikwepa, na huenda imani yenyewe haihitaji kulikwepa. Hult hakurudi kwa kuwa alikuwa na hakika ya kupona. Alirudi kwa kuwa palikuwa na watu waliokuwa wakishika amana, naye alijihesabu kuwa mmoja wao. Lile linaloitwa tumaini katika lugha ya Kanisa lilikuwa, kwa mtu huyu, uamuzi wa kukata tiketi nyingine.

Ni haki pia kusema kwamba uamuzi huo ulikuwa na gharama kwa wasioulizwa. Watoto waliokua bila baba na wajane waliobaki Marekani ni sehemu ya hesabu hii, na vitabu vya misheni vya zama zile viliwapa mistari michache. Furaha iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye jalada mara nyingi ililipiwa na mtu ambaye jina lake halikuandikwa.

Waliobaki

Vilevile havikuwapa mistari ya kutosha Wakristo wa Tanganyika. Kwa kuwa wazungu walikuwa wachache mno, mmoja wao aliweza kuwa mwangalizi wa eneo ambalo kulizunguka kulimchukua miezi. Kati ya ziara moja na nyingine, mambo yote yaliamuliwa na wenyeji. Wao ndio waliobatiza na kuzika, wao waliopatanisha wagomvi, wao waliokusanya mahindi, kahawa au senti za sadaka ili mwinjilisti apate kula. Misheni iliyodhaniwa kufa kwa kukosa wazungu iliendelea kuongezeka. Vita vilipokwisha mwaka 1945, makanisa yaliyokutwa yalikuwa yamezoea kujiongoza, hata kama katiba na vyeo vilikuwa bado vinasema vinginevyo.

Miaka hiyohiyo palikuwa na moto mwingine ambao haukuwashwa Minneapolis wala Leipzig. Uamsho ulioanza Rwanda na Uganda ulifika Bukoba, ukileta wimbo, maungamo ya hadharani na furaha ambayo viongozi wengi wa kanisa waliitilia shaka. Watu walisimama mbele ya jirani zao wakataja wizi, uzinzi na chuki zao. Madeni ya zamani yakalipwa. Josiah Kibira, mwalimu kijana wa Kihaya, alikuwa mmoja wa waliobadilishwa na uamsho huo katika miaka ya 1940. Uamsho ulileta pia migongano na majivuno ya kiroho, na kuna wakati ulikaribia kulipasua kanisa. Lakini uliwapa watu wa kawaida kitu ambacho hakikuhitaji fedha ya ng'ambo wala kibali cha mwangalizi. Kuaminiana kati ya ndugu wa uamsho kulivuka mipaka ya kabila na ya madhehebu, na katika nchi iliyokuwa ikielekea uhuru, hilo halikuwa jambo dogo.

Minneapolis 1957, Dar es Salaam 1977

Novemba 1955 Walutheri wa Afrika walikutana Marangu, chini ya Kilimanjaro, katika mkutano wao wa kwanza wa bara zima. Chini ya miaka miwili baadaye, mwezi Agosti 1957, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu wa tatu mjini Minneapolis. Mada ilimhusu Kristo anayeweka huru na kuunganisha, na katika mwaka huo ambao Ghana ilikuwa imetoka kupata uhuru, neno la kuweka huru halikuweza kusikika masikioni mwa Mwafrika kama neno la kiroho peke yake. Mkusanyiko wa kufunga ulifanyika Saint Paul, mbele ya jengo la bunge la jimbo, ukihudhuriwa na makumi ya maelfu ya watu. Mji uliokuwa umepeleka wamisionari sasa ulikuwa mwenyeji wa waliopelekewa.

Mwaka 1958 kanisa la Kaskazini mwa Tanganyika lilimchagua Stefano Moshi kuwa kiongozi wake. Mtu aliyempisha katika nafasi hiyo alikuwa Elmer Danielson, yuleyule ambaye mkewe na watoto wake sita walikuwamo ndani ya Zamzam. Makabidhiano hayo hayakuwa na kishindo cha makombora. Lakini ndiyo yaliyokuwa maana ya safari nzima. Amana hutambulika kuwa amana pale inaporudishwa kwa mwenyewe.

Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yaliungana na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ambalo wakati huo lilibeba jina la Tanganyika, na Moshi akawa mkuu wake wa kwanza. Mwaka 1964 Kibira akawa askofu wa kanisa la Kaskazini Magharibi, Bukoba. Mwaka 1977 Fungamano lilikutana Dar es Salaam, mji wenye kaburi la Hult, na hapo Kibira akachaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza. Mkutano huohuo ulitamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni suala la imani yenyewe, ambalo kanisa haliwezi kulikalia kimya. Kutoka misheni yatima hadi hapo ilikuwa miaka isiyofika 40.

Bega kwa bega

Mwishoni mwa miaka ya 1980 sinodi ya Kilutheri ya eneo la Saint Paul na Dayosisi ya Iringa zilianza uhusiano ulioitwa Bega kwa Bega, kwa Kiswahili hata huko Minnesota. Iringa ni sehemu ya eneo lililofunguliwa na Misheni ya Berlin, maana yake ni mojawapo ya yale mashamba yaliyoitwa yatima. Sharika za Saint Paul zilioanishwa na sharika za Iringa; wanafunzi wa sekondari walilipiwa ada, hospitali ya Ilula ikasaidiwa, na chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Iringa kikapata marafiki. Jina la uhusiano huo ni ahadi nzito. Mabega mawili hulingana tu pale wenye mabega wanaposimama kwenye ardhi ya usawa, na ambapo upande mmoja unatoa fedha na mwingine unatoa shukrani, usawa huo hauji wenyewe. Ndiyo maana katika uhusiano huo jambo la kuombeana limewekwa mbele ya miradi: sala ni kitu ambacho pande zote mbili zinaweza kukitoa na kukihitaji.

Wakati huohuo, Waafrika Mashariki wenyewe wamehamia Minneapolis na Saint Paul. Kuna wachungaji wa Kitanzania waliosoma katika seminari ya Luther, Saint Paul. Kuna Watanzania, Wakenya na Wakongo wanaofanya kazi za zamu katika nyumba za wazee, katika hospitali na maghala, wengi wao wakiwahudumia wajukuu wa Waswidi na Wanorwe waliokuwa wakichanga senti kwa ajili ya Tanganyika. Filamu ya Kiswahili ya Bongoland, iliyotoka mwaka 2003 na kuandaliwa Minnesota na Josiah Kibira, msanii mwenye jina sawa na la askofu wa Bukoba, iliwaonyesha watazamaji kwamba maisha ya mhamiaji huko yana baridi nyingine kuliko ile ya theluji. Ibada ya Kiswahili mchana wa Jumapili, baada ya wenyeji kumaliza ibada yao ya asubuhi, ni mahali ambapo mtu aliyelala saa tatu baada ya zamu ya usiku anaitwa tena kwa jina lake kamili. Huko anapata habari za msiba wa nyumbani kabla ya kusimuliwa na simu, na kofia huzungushwa kwa ajili ya nauli ya mfiwa. Bonde la Swede Hollow halina vibanda tena, lakini kazi iliyofanywa na kanisa la wahamiaji wa bonde hilo inaendelea kwa lugha nyingine.

Hesabu nazo zimegeuka. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani, ambamo urithi wa Augustana umeingia, lilianza mwaka 1988 likiwa na washarika zaidi ya milioni 5. Sasa wako chini ya milioni 3. Kanisa la Tanzania, lililodhaniwa kuwa mtoto aliyeachwa, lina zaidi ya milioni 6. Katika miji pacha yapo majengo makubwa ya matofali yenye viti vingi kuliko watu, na wazee waliobaki humo wanauliza maswali ambayo Kajerero, Nkya na Laiser waliyajua vizuri: nani atakuja, nani atalipa, na kama hakuna ajaye, nani atafungua mlango Jumapili ijayo.

Iringa na Kilimanjaro hazina jibu la haraka kwa maswali hayo. Zina kumbukumbu tu ya watu waliofungua mlango wakati hakuna meli iliyokuwa ikitarajiwa, wakakuta wenzao wamekwisha kufika na kukaa, na wimbo umeanza.